Njia ya Msalani

Nakuru, 3 Machi

Shikamoo Baba,

Umelalaje na huo mguu? Sisi huku tu wazima, wajukuu zako wanakusalimu. Mama aliniambia operesheni ya nyonga ilikwenda salama, nikamshukuru Mungu. Kisha akaniambia wauguzi wamekukataza kushuka kitandani peke yako, nawe ukibanwa unajiendea msalani kimyakimya, ukishika ukuta. Baba, waite. Wako hapo kwa kazi hiyo.

Mwanao, Dama

Wodini, Kisauni, 5 Machi

Marahaba mwanangu,

Sijambo, chakula nakila. Lakini nitaanzaje? Hawa wauguzi ni wasichana wa rika lako. Nimeendesha kreni bandarini Kipevu mpaka nikastaafu, leo nimwite mtoto wa watu mbele ya wodi nzima, nimwambie nataka kwenda haja? Ukuta wanitosha.

Baba yako

Nakuru, 9 Machi

Shikamoo Baba,

Nimepiga, simu yako imezimwa. Leo Mama amesema umeanguka, akaanza kulia, sikupata mengine. Niandikie mwenyewe, hata neno moja.

Mwanao, Dama

Wodini, 11 Machi

Marahaba Dama,

Tulia. Kilichovunjika ni simu. Hii ninayokuandikia ni ya mama yako. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, nami nina soksi tu. Nimeshonwa kwenye paji la uso, lakini picha imeonyesha nyonga iko sawa.

Nilijua nitagombezwa. Muuguzi mmoja, Pascalia, akavuta kiti akaniuliza, "Baba, kwani waogopa nini kutuita?"

Nikamwambia kweli, naona haya. Hakucheka. Akasema, "Basi usiite. Nitakuja mimi."

Na huja, kitanda kwa kitanda, kabla mtu hajabanwa. "Baba, nanyoosha miguu. Tuandamane?" Kitanda changu amekishusha, na viatu visivyoteleza ameviweka pale miguu inapofikia. Njiani ananiuliza habari za kreni, nami nasahau kama nimeshikwa. Mzee Kamau, jirani yangu hapa, alikuwa hanywi maji makusudi ili asihitaji kupelekwa. Sasa anakunywa.

Baba yako

Nakuru, 12 Machi

Shikamoo Baba,

Nimekusoma mara mbili, moyo umetulia. Mshukuru sana Pascalia. Ila nyumbani hatakuwepo. Huko itakuwaje?

Mwanao, Dama

Mjambere, 20 Machi

Marahaba mwanangu,

Tulifika nyumbani jana, sote wazima.

Choo chetu unakijua, kiko uani, na majirani hukaa hapo mchana kutwa. Nilisimama mlangoni na mkongojo, nikaitazama ile njia. Mama yako alikuwa akichambua mchicha. Nikamwambia, "Mama Dama, nanyoosha miguu. Tuandamane?"

Alinitazama sana, maana tangu tuoane hatujawahi kushikana mikono mbele za watu. Akapangusa viganja kwa leso, akanishika. Tukapita mbele ya majirani. Tulipotoka msalani sikuwa na haja ya kwenda popote tena, lakini hakuniachia, nami sikumwambia aniachie. Tukaizunguka nyumba.

Baba yako