Papa Mkavu Ndani ya Sanduku

Bologna, Italia
Ijumaa, baada ya sala

Bibi yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Kwanza naubusu mkono wako wa kulia, kisha wa kushoto, usije ukanambia nimebagua. Magoti yanasemaje? Bado wapanda darini kuanika ndimu, au Mama ameuficha ufunguo? Mimi, alhamdulillahi, mzima, nakula, nalala, na leo nina furaha isiyoenea kwenye simu. Ulisema sauti za simu zinapita, unataka kitu cha kutia mkobani. Basi hiki hapa. Ujue tu kwamba ni mara yangu ya kwanza kuandika Kiswahili. Skuli ya Maskati tumeandika Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili tumekisema tu, jikoni na ndani ya gari.

Unakumbuka siku ile Ami Nasor aliposema mtoto wa kike hapelekwi Ulaya peke yake muhula mzima, na wewe ukaweka kikombe chini ukasema, "Dhamana yake mimi. Likiharibika jambo njooni kwangu." Hakuridhika. Alisema tutaona, na binti yake Aziza asithubutu kuomba safari kama hii mpaka matokeo yangu yajulikane. Kwa hiyo nilipanda ndege nimebeba dhamana yako na matumaini ya Aziza, na ndani ya sanduku yule papa mkavu uliyemwagiza pwani, Qurayyat, umemfunga karatasi tabaka nne, nisife njaa kwenye nchi ya nguruwe.

Papa huyo ndiye aliyenitia aibu, na kisa chenyewe hukukisikia chote. Uwanja wa ndege afisa wa forodha alifungua sanduku, harufu ikamsalimia kabla yangu, akauliza hiki nini. Kitaliano nilikisoma Maskati kabla ya kuja, lakini jina la samaki huyo hawakunifundisha. Nikatumia letu, kwa kujiamini kabisa: "Papa. Ni papa mkavu. Bibi yangu amemtia chumvi." Bibi, kwa Kitaliano Papa ni yule mkuu wa Wakatoliki wote anayekaa Roma. Afisa akamwita mwenzake. Mimi nikadhani hawajanifahamu, nikarudia polepole: "Tunamkata vipande, tunamchemsha, tunamla na wali."

Nyuma yangu walikuwapo wanafunzi wawili wa chuo hiki hiki ninachosoma. Siku ya kwanza ya masomo nilipoingia darasani habari ilikuwa imeshatangulia. Wananiita msichana wa Papa. Hawakuwa na ubaya, sasa najua, lakini siku ile nilitaka ardhi inimeze.

Wiki tano nilifyata ulimi. Mji mzuri, sikatai. Njia zake zina baraza ndefu zilizoezekwa, mvua inanyesha na wewe unatembea baibui halilowi. Lakini nilipita nikitazama miguu yangu. Kisha mwalimu wetu wa historia ya vyakula, mama mmoja mwenye nywele nyeupe asiyecheka ovyo, akatukumbusha kuwa mtihani wake hauandikwi. Unakaa mbele yake, wenzako wako nyuma wanasikiliza, unasema. Asiyesema ameanguka, na akianguka muhula wake wote hauhesabiwi kwenye chuo cha kwao alikotoka. Hapo ndipo nilipokupigia nikakwambia nataka kurudi.

Badala ya kunikemea ukanisimulia kisa chako. Niruhusu niyaandike maneno yako, kwa sababu hukupata kuyasema kabla na sitaki yapotee.

"Mie nlipotoka Unguja nlikuwa mwalimu, hilo wewe walijua. Kufika huku Kiarabu changu cha chuoni tu, cha kusomea Kurani. Tukenda kwa jirani, kafiwa na mumewe. Nkataka kumwambia nnasikitika min qalbi, kutoka moyoni. Ile qaf ikanshinda, nkatoa kalbi. Mbwa wangu. Nnampa pole kutoka kwa mbwa wangu. Watu wakacheka matangani, mwanangu. Baadaye wakaja kunitaka nkawasomeshe kinamama, nkasema nna kazi nyingi. Sikuwa na kazi, nlikuwa na haya. Chaki sikuishika tena. Wanasema kosa moja haliachi mke, na mie kwa kosa moja nimeiacha skuli. Usinifate."

Bibi, maisha yangu yote nilidhani uliacha kusomesha kwa sababu ya kulea. Nilikata simu nikalia kwa ajili yako, kisha nikanawa uso nikaenda maktaba.

Huko maktaba nikamtafuta papa wetu kwenye kamusi. Jina lake la haki ni pescecane, wanatamka peshekane. Peshe ni samaki. Kane ni mbwa. Samaki mbwa, Bibi. Mbwa wako wa matangani amenifuata mpaka Bologna. Nilicheka mpaka msimamizi akaninyooshea kidole, nikatoka nje kumalizia barazani.

Mtihani ulikuwa jana. Desturi yao ni kwamba mwalimu hukwambia uchague mwenyewe jambo la kuanzia. Nilikaa, nikasema kwa Kitaliano, "Nitazungumza juu ya Papa." Darasa likaangua kicheko. Safari hii sikukimbia. Nilisubiri wamalize, kama unavyowasubiri wageni wamalize kahawa yao, kisha nikasema nilivyokosea, na kwa nini, na jina lake la kweli ni nani. Nikaeleza anavyopasuliwa na kutiwa chumvi, anavyokaa juani, alivyopelekwa bara kwa ngamia kwa watu wasioijua bahari, na jinsi papa huyo huyo anavyoliwa Unguja na Maskati, kwa hiyo mtu aliyehama huku kwenda kule, sahani yake haikubadilika. Nilisema Kitaliano kibovu, lakini nilisema mpaka mwisho. Wakacheka tena mara mbili, pale nilipotaka wacheke.

Mwalimu akaandika thelathini, kwao ndiyo alama kamili. Akauliza nani kanifundisha kueleza mambo namna hii. Nikamjibu, "Bibi yangu. Ni mwalimu." Nimesema ni, Bibi. Sikusema alikuwa.

Nakuomba umfikishie salamu Mama, na ufunguo auache ulipofichwa. Baba mwambie koti alilonichagulia linanitosha na linanihifadhi. Dada Fiona, anayekusaidia jikoni, mwambie chapati zake sijazipata hapa kwa namna yoyote. Ami Nasor mpe salamu kwa adabu zote, kisha mwoneshe alama zangu nilizozitia humu, umtilie kahawa, wala usimwambie neno. Na Aziza mwambie aanze kutafuta koti.

Lakini Aziza ana upungufu mmoja, na wadogo zake pia. Kiswahili wanakisema, hawawezi kuandika hata jina la papa. Mimi mwenyewe barua hii imenichukua tangu sala mpaka usiku, na najua nimekosea. Basi nakuomba, chukua kalamu nyekundu, isahihishe yote, usinionee huruma. Kisha waite watoto Alkhamisi wakitoka skuli, uwakalishe chini, na iwe ndiyo somo lao la kwanza. Chaki nimekununulia hapa, boksi zima, iko ndani ya sanduku pale alipokuwa papa, nitakuja nayo nikirudi.

Wakatabahu, mjukuu wako na mwanafunzi wako,
Thuraya