Sampu ya Kiboko

Temeke, Dar es Salaam
4 Oktoba 1993

Kwa Bibi Mwanamkuu, mke wangu wa Kibiti,

Shikamoo. Vipi goti? Vipi kuku, bado wanataga chini ya Kiboko? Waambie wahame, lori lile si banda, na mwenyewe niko njiani kulifufua. Mimi mzima. Nalala kwa Ami Huseni, nakula, ila mkewe anapakua wali kama anamlisha mgonjwa.

Bibi, mji umenijua. Siku mbili tu, na pale Gerezani kwenye maduka ya spea wananiita Mrufiji. Siku hizi ruksa, kila mtu anauza kila kitu. Injini zimepangwa nje kama viazi. Nikaingia kwa mzee mmoja, Bwanaheri, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikamwambia, "Nataka sampu." Akaniangalia miguu kwanza, ndipo akapanda usoni.

"Sampu unaijua wewe?"

Nikamweleza mpaka akakaa chini. Nikamwambia ni lile bakuli linalofungwa chini ya injini, oili inakaa humo, pampu inainyonya kuipeleka juu, ikikauka injini inakufa. Nikamweleza jinsi lile jiwe la njiani pale Bungu lilivyoipasua ya kwetu, na jinsi dereva wetu, Mzee Mfaume, alivyozima injini upesi, ndiyo maana injini tunayo mpaka leo. Sikumweleza nani alimwambia Mzee Mfaume, "Pita tu, inapita." Na wewe usimkumbushe mtu.

Anazo tatu. Ya kwanza ni ya aluminiamu, ina kina kirefu, inang'aa, unaweza kujitazama na kupaka wanja. Ya pili ya chuma, imelala kama sinia. Ya tatu nayo ya chuma, ina kutu na kibonyeo, kina chake kiko kwa nyuma, kama mwanamke mwenye haki yake. Mimi nimeichagua ya kwanza. Injini ya farasi mia tatu haivai kandambili. Jumamosi naichukua.

Ahadi yetu unaikumbuka: nikileta sampu ya sawasawa, mimi ndiye fundi wa Kiboko. Nikikosea, narudi Ruaruke kulinda ngedere kwenye mahindi. Waage ngedere kabisa.

Mumeo na mjukuu wako,
Ashrafu


Kibiti
7 Oktoba 1993

Kwa Ashrafu, mlinzi wa ngedere,

Marahaba. Barua imefika kwa mkono wa kondakta. Goti linauma nikikumbuka nimekutuma wewe. Kuku hawajambo, jana wametaga mayai manne.

Usinunue inayong'aa. Marehemu babu yako alipata kufunga ya namna hiyo. Chuma kikigonga jiwe kinabonyea, unakigonga kwa nyundo safari inaendelea. Kikitoboka, hapa Kibiti wapo wa kuchomelea. Aluminiamu ikigonga jiwe inapasuka kama chungu, na hapa hakuna mtu wa kuishika. Nimekaa kwenye lori lile kushoto kwa babu yako miaka kumi na tisa. Barabara hii naijua kwa makalio.

Wanja nitajitazamia kwenye maji.

Wakulima wa Ruaruke wameleta salamu. Magunia ya korosho yako tayari, na mwezi ukiisha hatujaonekana, watampa mwenye lori jingine. Mawingu yameanza kukaa upande wa mtoni, na mvua ya kwanza tu, njia ile ya udongo mweusi haipitiki mpaka nani ajue. Mzee Mfaume anauliza kwa nini hukubeba ile sampu mbovu kama alivyokuagiza. Na mimi nauliza.

Wako,
Bibi na mkeo


Temeke
10 Oktoba 1993

Bibi mpenzi,

Shikamoo tena. Sisi wazima, kasoro Ami Huseni ana mafua.

Hiyo inayong'aa nimeiacha, tena nimemwambia Bwanaheri mwenyewe, "Hii ni chungu." Akashangaa nimejuaje. Sikukutaja. Fundi hataji kila kitu.

Sampu mbovu sikubeba kwa sababu haibebeki kwenye mfuko. Unataka nipite stendi ya Kibiti na bakuli la oili kichwani kama muuza maandazi, wasichana akina Nusaiba wananitazama? Nilipima kwa akili. Asubuhi ile ya safari nilikata kipande cha ukili wako, ule uliokuwa unasuka barazani, nikaulaza kwenye sampu, nikatia alama ya mkaa penye kila tundu la bolti. Nikaukunja, nikautia mfukoni. Nadhifu kabisa.

Sasa sikia maajabu. Leo nimeulaza ukili kwenye ile ya kutu: sampu imezidi. Nimeulaza kwenye ile iliyolala: imezidi. Nimezunguka Gerezani nzima, maduka tisa. Zote zimezidi, vidole viwili, vitatu! Nadhani huko Ulaya wamebadilisha vipimo bila kutuambia. Nimemwambia Bwanaheri wamekosea kiwandani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nifanye nini? Yuko mtu Ilala anayo fupi kidogo, anasema matundu yatapanuliwa. Nikisikia kimya mpaka Alhamisi, naichukua hiyo.

Mumeo mwenye mawazo,
Ashrafu


Kibiti
12 Oktoba 1993

Ashrafu,

Alaa! Nimecheka mpaka Mwanajuma wa jirani kaja mbio akidhani nimefiwa.

Ukili ule ulikuwa mbichi, mwanangu. Miyaa yake ilikatwa juzi yake tu. Umeukausha kwa jasho la mfuko na jua la Dar, ukasinyaa. Kila mwanamke wa Rufiji anajua mkeka wa miyaa mibichi unasukwa mrefu kupita kitanda, maana utarudi. Umekaa miguuni pangu unakula karanga miaka kumi na saba, hilo hukuliona? Ulaya hawajabadilisha chochote.

Ole wako uguse hiyo ya Ilala. Tundu likipanuliwa, gasketi haikai, oili itatoka tone tone mpaka Ruaruke.

Sikuletei ukili mwingine. Mpe kondakta aliyekuletea barua hii asante yangu, kisha pokea kutoka kwake sampu mbovu yenyewe. Imefungwa kwa gunia. Ndani kuna kata, nimeisuka jana kwa miyaa mikavu, ipime kwa kichwa chako hicho kikubwa. Uiweke kata kichwani, sampu juu ya kata, utoke stendi utembee mpaka Gerezani kwa miguu. Akina Nusaiba hawako huko.

Bibi yako. Habari ya kuwa mkeo bado naifikiria.


Temeke
14 Oktoba 1993

Kwa Bibi, mke niliyebaki naye,

Shikamoo. Kichwa kizima, shingo imefupika.

Nimebeba. Kariakoo nzima imeniona. Mtu mmoja akaita, "Muuza supu, bakuli bei gani?" Nikamjibu nikimpa bei atauza nyumba. Oili ya zamani ikanishukia sikioni, shati lile jeupe sasa ni la gereji.

Lakini Bibi, sikia, hapa sitanii. Nilichoka, nikaitua kivulini, nikaigeuza. Makovu yote yako mbele. Jiwe la Bungu pale, mikwaruzo pale, kibonyeo cha zamani pale, nadhani cha enzi za babu. Nyuma ni safi kama siku iliyotengenezwa. Nikakaa nikafikiri. Injini hii mliihamisha kutoka gari jingine, ikaja na sampu yake ya kina cha mbele. Kwa hiyo tumbo linaning'inia mbele ya ekseli, kila jiwe linaanza nalo. Kina kikiwa nyuma, ekseli ndiyo inatangulia kupigwa, na ile ni chuma kigumu, haina oili.

Nikaenda mbio, kata kichwani nimesahau kuitoa. Tukaipanga ya zamani juu ya mpya, tundu kwa tundu. Iliyolala imekubali. Ya kutu yenye haki yake imekubali. Bwanaheri akasema, "Chukua iliyolala, haigongi kitu." Nikamuuliza, "Inabeba lita ngapi?" Akasema kumi na mbili. Ile ya kutu, ishirini na nne. Nikamwambia injini ya farasi mia tatu yenye tani kumi nyuma, kwa lita kumi na mbili itachemka kabla ya Bungu, na kwenye mlima oili yote itarudi nyuma, pampu inyonye hewa. Kisha akasema, "Na bomba la kunyonyea?" Alikuwa ananijaribu! Nikasema, "Nalo nalitaka, la kina cha nyuma, la mbele halifiki." Akacheka, akalitoa chini ya meza. Alikuwa amelificha.

Nimechukua ya kutu. Kesho nakuja nayo. Kichwani.

Ashrafu wako


Temeke
27 Oktoba 1993

Bibi,

Shikamoo. Tumefika salama, magunia yote ya Ruaruke yamepokelewa, hakuna lililolowa. Mzee Mfaume anakusalimu, amelala chini ya lori.

Ulipotupungia mkono pale Kibiti sikugeuka, nilikuwa nasikiliza injini. Bungu tulipofika, Mzee Mfaume akasimamisha lori mbele ya lile jiwe. Akaniuliza, "Fundi, inapita?" Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Mdomo ulitaka kusema inapita. Nikashuka. Nikalala chini kwenye vumbi, nikatazama, nikapima kwa mkono. Nikamwambia, "Kushoto kidogo, Mzee. Polepole."

Ekseli ikakwaruza. Tu.

Tulipofika Mkuranga mvua ikaanza nyuma yetu, kubwa. Nimetazama chini ya injini mara sita tangu tufike. Pakavu.

Mjukuu wako,
Ashrafu


Kibiti
30 Oktoba 1993

Kwa Fundi wa Kiboko,

Marahaba, mume wangu.

Mvua ni hiyohiyo, njia ya Ruaruke imefunga juzi. Goti halijambo. Kuku wamekosa pa kutagia, wananitazama vibaya.

Ngedere nimewatafutia mlinzi mwingine. Ukirudi niletee kata yangu, nina maji ya kuchota.

Mkeo,
Mwanamkuu


Temeke
2 Novemba 1993

Mke wangu,

Shikamoo. Kata sirudishi. Nimeitundika kwenye kioo cha Kiboko, mbele ya macho yangu. Suka nyingine, na hiyo upime mwenyewe.

Fundi