Siku Tulienda Kupokea Yesu kwa Gare

Kabange, mujukuu wangu,

Jambo sana weye na batoto! Huku Kamina tuko bazima, mvua inanyesha, na mihindi imeota mpaka karibu ya mulango.

Unaniuliza: "Batoto bangu iko badogo, banaelewa nini kwa Noeli?" Eh, sikia!

Nilikuwa mudogo kama bale batoto bako. Mwalimu wa kanisa akatuambia, "Kesho Yesu anafika!" Baba yangu alitumika kazi kwa treni, na kwetu muntu ya kufika anashuka tu kwa gare, kituo ya treni. Asubuhi miye na mudogo wangu tukavaa nguo ya mupya, tukachuma maua, tukakimbia kule. Treni ikasimama. Mama mumoja akashuka na kitoto kichanga, akatazama huku na huku: hakuna muntu alikuja kumupokea.

Mudogo wangu akapiga kelele, "Njo yeye, Yesu!" Tukaimba kwa nguvu yote! Ule mama akacheka mpaka machozi.

"Lakini huyu iko mutoto mwanamuke," akasema.

"Haina mambo," mudogo wangu akajibu, "karibu!"

Tukabeba mizigo yake mpaka kwetu, akakula bukari, ugali ya mihindi, na kuku.

Hatukuelewa kitu, Kabange, na ile njo Noeli ninakumbuka. Balete bale batoto! Mutanikuta kwa gare, na maua.

Kambo yako