Mzee Pole, Jina Lako Tumelitoa Ukutani

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipojilaza mchana ule na viatu miguuni, ukisubiri muda wa safari nyingine, na hukuamka tena.

Watoto wa shule ndio waliokubandika jina la Mzee Pole, nawe ukalipenda kuliko jina lako. Ulimpa pole kila mtu. Siku uliyojikwaa kwenye kiti ukakipa pole kiti, Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Ulipostaafu ualimu hukutulia. Ulizunguka nchi nzima, shule kwa shule, mtaa kwa mtaa, ukiwaomba watu watendeane wema. Hukuhubiri. Uliwauliza watoto, "Nani kakufanyia jambo jema wiki hii?" Kisha ulisubiri mpaka hata wenye haya wanyooshe mkono. Kila shule ulimsalimia mfagiaji kabla ya mkuu wa shule, na wengine hilo liliwakera.

Tungependa kuishia hapo, Baba. Lakini mwaka huu umetuachia kinyaa, na wewe hukutulea tuseme uongo.

Shule ile uliyoipenda, uliyoirudia mara kwa mara, ilitualika kwenye siku ya kukuenzi. Walikuwa wamepaka jina lako halisi ukutani kwa herufi kubwa. Sisi wageni tulikalishwa chini ya turubai, maji baridi mezani. Wanafunzi walisimamishwa juani tangu asubuhi, wakiimba sifa zako kwa makoo yaliyokauka. Mkuu wa shule alikuwa katikati ya hotuba kuhusu upole wako pale binti mdogo wa mstari wa mbele alipojikojolea. Alikuwa ameomba ruhusa akanyimwa, eti asiharibu mstari.

"Mwondoeni huyo," mkuu wa shule akasema kwenye kipaza sauti. "Anatutia aibu mbele ya wageni."

Watu walicheka. Walimu nao walicheka. Mgeni mmoja aliyevaa fulana yenye picha yako alitoa simu akampiga picha yule mtoto. Uso wako ulikuwa kifuani pake, Baba, unatabasamu.

Mama alisimama. Alivua shali yake, akamfunga binti kiunoni, akamshika mkono. Mshereheshaji alimkimbilia.

"Mama, tafadhali, keki bado haijakatwa."

"Kateni tu, mwanangu," Mama akamwambia. "Sisi tumeshiba."

Akampeleka binti bombani, akamnawisha, akakaa naye mpaka mama yake alipofika kumchukua. Njiani kurudi nyumbani Mama alitamka sentensi moja tu. "Wamemvaa mume wangu kama fulana," alisema, kisha akageukia dirishani.

Alimpigia simu mkuu wa shule mara nyingi, akiomba jina litolewe. Hakuombwa radhi. Aliambiwa haiwezekani, picha za ukuta zimeshatumwa kwa wafadhili. Basi akaenda mwenyewe mchana kweupe, pamoja na kaka yetu fundi wa rangi. Mkuu wa shule alitoka ofisini mbio.

"Mama, hapa huna ruhusa."

"Ukuta ni wako," Mama akamjibu taratibu. "Jina ni langu, nimelilalia na kuliamkia tangu nikiwa msichana. Kama unataka kuita polisi, waite. Nitawasubiri."

Hakuita mtu. Alirudi ndani akafunga mlango, na kaka akapaka, Mama akimshikia kopo la rangi, mpaka ukuta ukawa mweupe.

Tulidhani Mama angepata nafuu. Hakupata. Jioni ile alinawa mikono muda mrefu, rangi ilishatoka zamani, naye bado ananawa. Alisema kile kicheko hakijamtoka masikioni. Sisi pia hakijatutoka.

Shangazi ametuuliza kwa nini tunaandika haya mahali pa kukulilia. Ni kwa sababu wapo wanaomkumbuka mzee wa keki na hotuba, na huyo sisi hatumjui. Tunayemjua angetoka chini ya turubai kabla ya Mama.

Unakumbukwa na mkeo. Wanao, muuguzi, fundi wa rangi na kitinda mimba wako. Dada yako, ambaye mwishowe alikubali tuandike. Wakwe zako, na wajukuu wanaobishana nani alikuwa kipenzi chako.

Pumzika, Baba. Wewe hatutakusahau kamwe. Wale waliocheka nao hatutawasahau.