Askari wa Puani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepuliziwa. Tundu la kulia, tundu la kushoto, basi. Nilijiandaa kwa sindano, hata shati nilivaa la mikono mifupi. Kumbe kachupa tu, kama ka manukato. Inawasha, halafu inateremka kooni, chungu.

Daktari wa utafiti ni mama mmoja mrefu, anaongea polepole kama anakulisha uji. Kasema chanjo ya sindano inaweka askari ndani ya nyumba, kwenye damu. Mwizi mpaka aingie ndiyo wanaamka. Hii ya kupuliza inaweka askari getini. Kirusi cha mafua kinapitia puani, basi kikute watu palepale. Wanataka kujua mambo mawili. Mtu haumwi? Na je, hawapelekei wa nyumbani kwake?

Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali. Sababu ya Bibi.

Ila nusu yetu tumewekewa maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, hata daktari mwenyewe hajui. Nilitaka kuuliza sasa mtatofautishaje — nikaona aibu. Jamaa aliyekaa mbele yangu akauliza hilohilo, akajibiwa vizuri. Watapima makamasi yetu. Kila asubuhi nizungushe kijiti puani, nikitie kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu. Kuna dada atakuwa anapita na pikipiki kuchukua.

Marufuku: kujifukiza, kuweka mafuta puani, dawa yoyote puani. Mpaka waseme.

Jumanne, 4 Juni

Kijiti cha kwanza. Machozi yalinitoka. Boksi na vijiti vyake nimeviweka chini ya dirisha, kando ya kitanda cha Bibi, ndipo pana kivuli siku nzima. Kwa hiyo Bibi ananiangalia kama sinema.

Mwaka jana mafua yaliingia humu ndani, mimi nikapiga chafya siku mbili tatu nikapona. Yeye akalazwa na mpira wa hewa puani. Kifua hakijarudi mpaka leo. Hawezi kuinuka mwenyewe — namwinua mimi asubuhi, nampeleka chooni, namkalisha na mito mgongoni. Nikitoka kazini tena hivyohivyo.

Nikamweleza habari ya askari getini.

"Na wakilala hao, mume wangu?"

Nikamwambia hawalali.

"Basi si wa serikali."

Ijumaa, 7 Juni

Kijiti. Karakana ya makochi leo, kochi la watu watatu, sponji yote imeoza. Vumbi. Nimepiga chafya kutwa, Fundi anasema chanjo inanitoka.

Jumapili, 9 Juni

Shangazi, binti wa Bibi, kaja kukaa siku chache. Yeye anauza dawa za asili, majani, mizizi, maganda, na ana mdomo wa kuziuza. Kaona boksi, kauliza, nikaeleza. Nilivyofika kwenye marufuku ya kujifukiza akaweka kikombe chini.

"Wewe umelelewa na mvuke wangu. Hicho kifua chako nani alikifungua ulipokuwa mtoto? Sasa leo umepuliziwa maji, shangazi yako kawa marufuku."

Bibi akamwambia mwache mume wangu, kaajiri askari. Wakacheka wao wawili. Mimi niliangalia kikombe.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwenda kwa daktari. Nikajikaza nikamwambia habari za Shangazi. Nilidhani atabeza. Hakubeza. Kasema alete majani, hapo kwao wanapima na majani pia, na yapo yaliyoua kirusi kwenye chupa. Lakini kwenye chupa hata sabuni inaua, kasema, na sabuni hainyweki. Kazi ni kujua yakiingia kwa mtu yanafanya nini.

Jioni nikamfikishia Shangazi.

"Mwambie wateja wangu si chupa."

Baadaye nikamwona uani anachagua majani. Anafuta moja moja kwa kitambaa. Yaliyotobolewa na wadudu anatupa. Aliyobakiza akayafunga vizuri, akaweka juu ya kabati. Hakusema ni ya nani. Sikuuliza.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya. Fundi kanigongea mlango mapema, gari la kubebea makochi limepatikana, twende. Nikamwinua Bibi mbiombio, nikamkalisha, nikatoka. Niko juu ya gari nimeshika kochi ndiyo nakumbuka — kijiti! Walisema ukikosa hata kimoja wanakutoa.

Nimerudi mchana, moyo mkononi. Boksi tupu. Dada wa pikipiki kashapita, na meseji kaniandikia: asante, nimechukua. Basi kumbe nilikizungusha. Nitakuwa nilifanya nusu usingizini, mikono imeshazoea. Nimefurahi mpaka nimemnunulia Bibi ndizi.

Hajala. Anasema pua inamuwasha. Ni vumbi la sponji kwenye nguo zangu, kuanzia leo nitakuwa nazivulia nje.

Alhamisi, 13 Juni

Daktari kapiga simu. Nilijua kuna kitu, huwa hapigi simu yeye, anapiga yule dada.

Kichupa changu cha Jumanne kina kirusi. Kingi.

Nikamwambia siumwi. Kasema inawezekana, mtu anabeba bila kuumwa. Nikauliza kwa hiyo mimi ni maji ya chumvi? Nimeuliza mwenyewe, sijui sauti ilitoka wapi. Kasema si lazima, hata askari hodari huzidiwa. Ila nikae mbali na Bibi. Leo hii. Jumatatu wanakuja kuwapima wa nyumbani. Akianza kukohoa kabla ya hapo, nimpigie saa yoyote.

Nikachukua shuka na boksi langu. Shangazi atakaa na Bibi. Nimemwambia Bibi kichupa changu kina kirusi, nikamuaga dirishani. Bibi kaniangalia, kafungua mdomo kama anataka kusema kitu, halafu kasema tu nenda salama.

Nalala karakana. Fundi kanipa kochi la mteja, jipya, bado lina nailoni. "Ukilikojolea umelinunua."

Shangazi hana mgongo wa kumwinua Bibi. Hilo ndilo ninaloliwaza.

Ijumaa, 14 Juni

Siumwi. Sipigi chafya. Najigusa paji la uso kila nikikaa. Shangazi nilimpigia, kasema Bibi yuko sawa, anakohoa kidogo tu, ni mvuke unafungua kifua.

Kumbe kamfukiza. Nikamwambia acha nimpigie daktari. Kasema daktari wako alisema marufuku ni kwako, si kwa mama yangu. Kweli alisema hivyo. Tena usimtishe mama kwa mambo ya hospitali, kasema, unajua alivyotoka kule.

Sikumpigia. Nilishika simu, nikaiweka.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haraka.

Asubuhi meseji ya daktari. Vichupa vya Jumatano na Alhamisi ni visafi. Vyote viwili. Anasema ajabu kidogo, kirusi kingi vile hakiondoki kwa siku moja. Kauliza kama Jumanne nilifanya kitu tofauti.

Nikawa nafikiria hiyo Jumanne huku napiga misumari. Namwinua Bibi, mito, Fundi anaita, natoka. Kijiti sikikumbuki popote. Nikaweka nyundo nikaenda nyumbani, nikasimama nje ya dirisha.

Nimemsikia kabla ya kumwona. Siyo kikohozi cha mvuke kile. Pumzi fupifupi kama mtu aliyepanda mlima, na yupo kitandani. Shangazi alikuwa anapepea kwa mfuniko wa sufuria, chumba chote kinanuka majani.

Nikauliza Bibi, siku ile ya Jumanne dada alipokuja, boksi lilikuwaje?

Akajibu kwa pumzi zake hizo: "Usinikasirikie, mume wangu. Ulikimbia bila kufanya. Nikasikia pikipiki. Watamfuta mtoto wa watu kwa kijiti kimoja?"

Boksi si lipo pale mkononi kwake. Kanitazama siku zote, anajua hatua zote. Kazungusha kijiti puani kwake, kakitia, kafunika.

"Bibi, ile ni pua yako."

"Makamasi ni makamasi. Si damu moja sisi?"

Shangazi akaacha kupepea.

Kwa hiyo mimi sina kitu. Mgonjwa ni yeye, tangu Jumanne, na mimi niliyeambiwa nikae mbali nilikaa mbali na mtu anayehitaji kuinuliwa. Na alijua. Alinyamaza nisifutwe.

Nikampigia daktari palepale dirishani, sikupanga hata maneno. Nikasema kichupa cha Jumanne ni cha Bibi. Hakuuliza nani kaharibu nini. Kauliza anapumuaje. Midomo ina rangi gani. Nikamwambia Shangazi afungue pazia tuone. Rangi ya majivu. Daktari kasema gari linatoka sasa hivi, akalishwe wima, asilazwe. Na wewe usiingie, kasema, wewe ni msafi na hatujui una askari au una maji.

Shangazi akajaribu kumwinua. Mara ya kwanza, ya pili. Bibi akateleza zaidi, shingo ikakunjika.

"Mama, nisaidie basi na wewe kidogo," Shangazi anamwambia, huku analia.

Nikaingia.

Jumamosi hiyohiyo

Amekaa. Mito haikutosha, kwa hiyo mimi ndiyo mto. Kifua changu, mgongo wake. Naandika kwa mkono mmoja, daftari kwenye goti, nikikaa bure nitaogopa. Shangazi kasimama mlangoni anaangalia barabara. Sufuria kaitoa nje mwenyewe. Yale majani ya juu ya kabati kayatia kwenye mkoba wake, anasema huko huko atampa daktari, apime anavyotaka.

Mgongo wa Bibi una moto. Kila akikohoa unanigonga. Kanikohoa na usoni, nilipokuwa namgeuza. Nimesikia majimaji mdomoni na puani. Sikufuta mara moja, mikono ilikuwa imemshika.

Asubuhi sikufanya kijiti. Boksi liko karakana.

Anauliza kitu. Nimeinama nisikie.

Wako macho, hao askari?

Nimemwambia wako macho, Bibi.

Shangazi kasema gari. Hapana, ni gari la maji. Limepita.