Ami Hapati Saini Yangu

Baba,

Mungu akurehemu huko uliko. Nimekaa kwenye daka lako, barazani pa mlango, na nina hasira, kwa hiyo usitarajie maneno ya upole.

Nduguyo, Ami Sefu, anajenga hoteli nyuma ya nyumba yako. Matofali ya saruji, mabati, madirisha ya vioo yasiyofunguka, na birika la maji ya mvua amelifukia kwa kifusi. Kanuni za ujenzi za kaunti zinakataza yote hayo. Unazijua, waliozitunga walikuja kukuuliza wewe, fundi wa chokaa. Nami ndiye mkaguzi. Nikamwandikia amri ya kusimamisha kazi.

Alikuja nyumbani, hakuketi. "Weye ni mwana wa ndu yangu," akasema. "Majumba ni sharia ya nti nzima, kaunti haina amri." Kisha akaleta wakili kutoka Nairobi kwenye kikao cha kaunti, mtu wa tai, akatuambia viwango hupangwa huko kwao, sisi kazi yetu kuvifuata. Viwango gani, Baba? Nairobi watu hulala na mablanketi! Nani huko anajua chumba cha mabati cha hapa Amu saa saba mchana? Nani huko atakunywa maji ya chumvi mabirika yakiisha? Nilimwuliza hivyo hivyo, sauti imenipanda.

Ndipo Ami akakutumia wewe. "Hata marehemu alinipigia lipu ya saruji, kwa mikono yake."

Na ni kweli. Kwa nini ulikubali? Ulijua ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa saruji hutoa chumvi na kubambuka. Ulimwonea haya nduguyo, basi. Nilikukasirikia pale pale, na bado.

Lakini nikakumbuka ulivyorudi kwake kuibandua lipu hiyo, mimi nimekushikia ngazi. Wiki nzima, patasi na nyundo, hutaki kusaidiwa. Kipande kimoja ukakiweka kwenye kidaka cha ukuta wa sebule, pale wenzio huweka vyombo vya kaure. "Nisisahau ujinga wangu," ulisema. Nikatoka kikaoni, nikaenda kukichukua, nikakibwaga mezani mbele ya Ami. Kimejaa chumvi nyeupe. Nikawaambia, aliyekosea alijirekebisha mwenyewe. Ami hakukitazama.

Amri yangu imebaki, haiondolewi bila saini yangu. Sasa amekwenda mahakamani, anataka kaunti ivuliwe mamlaka hayo kabisa. Akishinda, nyumba yako itakuwa ya kwanza kuzibiwa upepo, na mtaa wote utafuata. Mashangazi hawaniamkii tena, wanasema nimekata udugu. Na waseme.

Nitakwenda mahakamani, na kipande chako kitakuwa mkobani mwangu. Saini yangu Ami hapati, nakuahidi.

Lala salama, Baba. Adhuhuri hii nimeweka shavu kwenye ukuta wako, kama ulivyonifunza kukagua. Bado ni baridi.

Mwanao,
Rukia