Ukoko Mweupe wa Bibokoboko

Mutambo, sikuwa na hadubini, sikuwa na kitabu, sikuwa na hata mtu wa kuniuliza, "Una hakika?"

Nimeaibika.

Ule ukoko mweupe juu ya jiwe, ndio niliouita kuvu jipya la mawe katika barua ya jana. Leo Profesa Kalonda alipanda huku mlimani na hadubini kutafuta vijimbegu, zile chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo. Akaudondoshea maji. Ukoko ukayeyuka.

"Mzee, vijimbegu viko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia atazame tena. Mimi, nikamwambia atazame tena.

Ng'ombe wa mfugaji Habimana akaja, akaulamba uliobaki. Ni chumvi. Wafugaji huwawekea ng'ombe chumvi pale pale juu ya jiwe.

Habimana akacheka: "Baba, hata ngombe yangu iko professeur."

Barua yangu ya jana usiwasomee wanafunzi wetu wa shule ya usiku. Kama umeshasoma, wasomee na hii.

Nafunga bahasha. Nyiramana, mpeleka barua wetu, anashuka nayo mjini Baraka sasa hivi.